Mchicha wa Kando ya Mwalo
Somo kwa vikundi vya wakulima: jinsi mizizi inavyopokea metali zenye sumu

Somo la toleo hili limetokana na swali nililoulizwa nikashindwa kulijibu vizuri.

Tulikuwa tumemaliza mafunzo ya samadi katika kijiji kimoja cha Ikungi, jirani na machimbo ya dhahabu. Ulikuwa mwezi wa kumi, nchi imekauka kama kawaida ya Singida wakati huo, hata mbuzi wanatafuta kivuli tu. Mama mmoja wa kikundi akanichukua kwenda kuona bustani yake. Ipo chini kidogo ya mwalo, yaani pale wachimbaji wanapooshea mchanga na kuchenjua dhahabu, na maji yanayomwagwa pale hushuka taratibu hadi kwenye matuta yake. Mchicha ulikuwa umestawi vizuri, majani mapana, hakuna hata moja la njano.

"Mwalimu," akaniambia, "kuna watu walipita hapa wakasema udongo huu una sumu. Sasa nakuuliza wewe. Ungekuwa na sumu, mchicha si ungekufa?"

Nikamwambia, "Mama, usile huu mchicha." Akauliza kwa nini. Nikasema, "Kwa sababu ya zebaki." Akanishukuru kwa adabu, na jioni ile nikamwona anapita na beseni kichwani, anawapelekea mama lishe wa machimboni mafungu yao. Simlaumu. Mafungu hayo ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto wake, nami nilimpa katazo bila maelezo. Na hata lile neno moja la zebaki lilikuwa nusu tu ya ukweli, kama tutakavyoona.

Metali zinatoka wapi

Singida ina dhahabu tangu zamani. Mgodi wa Sekenke huko Iramba ulianza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kutengeneza zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo kule Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo wachimbaji wadogo wapo Londoni upande wa Manyoni, Sambaru upande wa Ikungi, na bado wapo kuzunguka Sekenke yenyewe.

Dhahabu haikai peke yake mwambani. Mara nyingi imefungamana na mawe yenye salfa, na ndani ya mawe hayo huweza kuwamo chuma, shaba, zinki, risasi, arseniki na kadimi kidogo. (Risasi tunayosema hapa ni ile metali laini ya kijivu iliyomo ndani ya betri za magari.) Mawe hayo yakiwa chini ya ardhi hayamsumbui mtu. Yakisagwa kwenye karasha yakawa unga, na marudio yake yakarundikwa nje, hewa na mvua vinaifikia salfa nayo inageuka kuwa asidi. Asidi hiyo huyeyusha metali nyingi zilizokuwa zimetulia. Juu ya hizo mchimbaji huongeza zebaki ya kushikia dhahabu. Kwa kawaida hutumia gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu moja ya dhahabu anayoipata, na wengine hutumia zaidi.

Kwa hiyo kwenye bustani ya kando ya mwalo hakuna sumu moja. Zipo kadhaa, na kila moja ina tabia yake mbele ya mzizi.

Mzizi hunywa, hautafuni

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hilo. Mzizi hauwezi kula punje ya mchanga. Huchukua kile tu kilichoyeyuka kwenye maji yaliyo kati ya punje za udongo. Metali iliyoshikwa sawasawa na mboji au mfinyanzi inaweza kukaa miaka mingi karibu na mzizi bila kuingia. Ndiyo maana mashamba mawili yenye kiasi kilekile cha metali yanaweza kutoa mboga tofauti kabisa. Udongo mweusi wa mbugani hushika metali kwa nguvu. Ule wa kichanga, mwekundu au wa kijivu, ambao wengi wetu tunaulima hapa mkoani, una mboji kidogo na hushika kwa ulegevu. Na asidi ikiingia, hata kilichoshikwa huachiliwa.

Mzizi nao hausubiri tu. Ncha zake hutoa asidi hafifu ili kuyeyusha chuma na fosforasi unazozihitaji. Ni kazi nzuri, lakini asidi hiyo haiwezi kuyeyusha chuma na kuiacha kadimi iliyo pembeni yake.

Baada ya kuyeyuka, chakula cha mmea huingia kupitia vinyweleo vya mzizi. Juu ya ngozi ya kila seli kuna milango midogo sana. Upo mlango wa chuma, wa zinki, wa manganizi, wa fosforasi, na kadhalika. Fikiria mlinzi wa getini anayekagua sare peke yake bila kutazama uso wala kitambulisho. Mwanafunzi wa shule nyingine akivaa sare inayofanana, anapita. Kadimi kwa umbo na chaji yake inafanana na zinki, chuma na manganizi, hivyo inapitia milango yao. Arseniki kwenye udongo mkavu inafanana na fosforasi, inapita mlango wa fosforasi. Mzizi una ulinzi, ila ulinzi wenyewe uliwekwa kwa ajili ya chakula, haukuwekwa kwa ajili ya marudio ya dhahabu.

Hapa pana jambo linalowagusa wenye udongo uliochoka. Mmea wenye njaa ya chuma au zinki hufungua milango mingi zaidi. Yaani mchicha usio na zinki ya kutosha, ukipandwa kwenye udongo wenye kadimi, utavuta kadimi nyingi kuliko mchicha ulioshiba.

Ndani ya mzizi safari ina njia mbili. Ya kwanza ni kupita seli hadi seli kwa milango hiyo. Ya pili ni kupenya katikati ya seli, kwenye kuta zake, bila kubisha hodi. Njia hii ya pili hufika mahali ikazuiwa. Kabla ya kufikia mirija ya katikati kuna ukanda unaoziba nafasi zote kati ya seli. Unaitwa ukanda wa Caspary, kwa jina la mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyeishi karne ya 19. Hapo kila kitu kinalazimika kuingia ndani ya seli na kupita mlangoni. Ukanda huu ni mwema sana kwetu. Bahati mbaya una sehemu ambazo hazijazibwa: kwenye ncha changa ya mzizi, ambako bado haujajengwa, na pale mzizi mdogo unapochipuka kutoka kwenye mkubwa na kuupasua.

Kilichofika katikati kinaingia kwenye mirija inayoitwa zailemu na kupandishwa juu na maji. Kinachovuta maji hayo ni jani lenyewe, linapopoteza maji juani na kwenye upepo. Upepo wa Singida mnaujua. Mchicha unaomwagiliwa kila siku kwenye jua la mwezi wa kumi unapitisha maji mengi sana, na kila kilichoyeyuka humo kinaishia kwenye jani. Maji yanatoka kama mvuke, metali haitoki. Mbegu na matunda hulishwa zaidi na mirija mingine, floemu, inayobeba sukari kutoka kwenye majani, na metali nyingi hazivuki kirahisi kuingia humo. Hii ndiyo sababu kwa kawaida majani ya mboga hubeba metali nyingi kuliko punje ya mahindi au mtama uliomea pembeni yake.

Kwa nini mchicha haukufa

Sasa tulijibu swali la yule mama. Mmea unapohisi metali ngeni ndani ya seli, hutengeneza vijinyuzi vidogo vyenye salfa vinavyoikamata, kisha huisukuma kwenye mfuko mkubwa wa maji ulio katikati ya seli. Ni kama ghala lililofungwa. Kazi za mmea zinaendelea nje ya ghala. Jani linabaki kijani.

Sisi tunapokula jani tunalifungua ghala. Tena mmea hauna figo wala ubongo. Kiasi cha kadimi kinachoweza kuharibu figo za mtu anayekula mboga hiyo kwa miaka ni kidogo mno kuweza kuubadilisha mchicha rangi. Kwa shaba na zinki mambo huwa kinyume: zikizidi, mmea hunyauka kabla haujafikia kumdhuru mlaji, hivyo mmea unatuonya. Kadimi haitoi onyo. Mchicha kustawi ni ushahidi kwamba una maji na naitrojeni, basi.

Wajapani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, mgodi wa zinki wa Kamioka uliokuwa juu ya mto ulikuwa ukiachia kadimi, na wakulima wa chini walimwagilia mpunga kwa maji ya mto huo. Mpunga ulizaa, watu wakavuna na kula. Baada ya miaka mingi wanawake hasa, wengi wao waliokwisha kuzaa watoto kadhaa, walianza kuvunjika mifupa hata kwa kukohoa. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, maana yake "inauma, inauma". Serikali ya Japani ilikubali rasmi mwaka 1968 kwamba chanzo chake ni kadimi ya mgodi.

Zebaki na risasi: adui hapandi kwa mzizi

Nilisema jibu langu kwa yule mama lilikuwa nusu. Zebaki iliyo udongoni huingia kwenye mzizi, lakini sehemu kubwa hukwama humo humo kwenye kuta za seli. Inayopanda hadi jani ni kidogo. Hata hivyo majani ya mimea iliyo karibu na machimbo hukutwa na zebaki, nayo kwa sehemu kubwa imeingia kwa juu. Mchimbaji anapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye karai au kijiko juu ya moto, zebaki inakuwa mvuke, inasafiri na upepo, na jani linaivuta kupitia vitundu vyake vya kupumulia. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 kuhusu mihogo, mahindi na karanga karibu na machimbo madogo ya dhahabu nchini Nigeria ulionyesha hivyo hivyo: zebaki ya kwenye mazao ilitoka hewani zaidi kuliko udongoni, na majani ndiyo yalikuwa na nyingi kuliko punje na mizizi ya kula. Wenzetu tunaopenda kisamvu tulifikirie hilo.

Maana yake kwa bustani ni kwamba unaweza kuhamishia matuta yako kwenye udongo safi kabisa, lakini kama yapo upande ambao upepo unapeleka moshi wa wachomaji, umeikimbia sumu moja ukaifuata nyingine.

Risasi nayo ni mzito wa kupanda. Hushikwa na udongo, na ile inayoingia hubaki kwenye mizizi. Lakini vumbi lenye risasi hukaa juu ya majani, na udongo wake hushika kwenye karoti na viazi vitamu. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi baada ya familia kusaga mawe ya dhahabu yenye risasi majumbani mwao. Wale watoto hawakuuawa na mizizi ya mimea. Waliuawa na vumbi: mikononi, sakafuni, kwenye chakula. Kwa risasi, beseni la maji safi la kuoshea mboga linafanya kazi kubwa. Kwa kadimi iliyo ndani ya jani, haliwezi kitu. Na kuchemsha hakusaidii kwa yoyote kati yao, kwa kuwa moto hauharibu metali.

Hapa nataka niseme neno kuhusu mlenda na mboga zetu za kukausha. Wengi tunazianika chini, kwenye mkeka au juu ya jiwe, kando ya njia, kisha tunazitwanga. Jani bichi ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo kilo moja ya mboga kavu imetoka kwenye kilo nyingi za mbichi, na metali zote za zile kilo zimebaki humo. Vumbi la njiani limeongezwa juu yake. Kama unakaa karibu na makarasha, osha mboga kwa maji mawili matatu kabla ya kuanika, anika juu ya kichanja, na ufunike kwa kitambaa chepesi. Vilevile akina mama wajawazito wanaopenda kula udongo wasichukue wa maeneo ya machimbo hata kidogo.

Mpunga wa mbugani

Wanaolima mpunga kwenye mabonde yanayopokea maji kutoka machimboni, kwa mfano pembezoni mwa mbuga ya Wembere iliyo chini ya Sekenke, wana somo lao peke yao. Udongo ukikaa ndani ya maji hukosa hewa. Hapo arseniki hubadilika umbo, ikafanana na silika, na mpunga ni mmea unaovuta silika kwa wingi sana ili kuimarisha mabua yake. Matokeo yake mpunga huvuta arseniki kuliko nafaka nyingine. Zebaki nayo, ikiwa kwenye tope lisilo na hewa, hugeuzwa na bakteria kuwa aina ya sumu kali zaidi inayoingia hadi kwenye punje. Katika eneo la Wanshan huko Guizhou, China, palipochimbwa zebaki kwa karne nyingi, watafiti waligundua kwamba watu waliipata aina hiyo ya zebaki zaidi kwenye wali kuliko kwenye samaki.

Mtu atasema basi tukaushe mashamba. Kukausha kwa vipindi hupunguza arseniki, ni kweli, lakini udongo ukipata hewa kadimi huachiliwa. Ndiyo maana sipendi mashauri ya jumla. Lazima kwanza ujue shamba lako lina nini.

Alizeti: msaidizi au mtego?

Siku hizi watu huuliza kama alizeti, zao letu la Singida, inaweza kusafisha udongo. Wamesikia kwamba ilipandwa Chernobyl. Habari hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Katika miaka ya 1990 alizeti zilielezwa juu ya bwawa karibu na kinu cha Chernobyl kilicholipuka mwaka 1986, mizizi ikining'inia majini, zikavuta vitu vyenye mionzi kutoka kwenye maji. Lakini Wajapani walipojaribu kuzipanda kwenye udongo wa Fukushima baada ya ajali ya mwaka 2011, matokeo yalikuwa hafifu sana. Maji yalikuwa yameshikilia sumu kwa ulegevu, udongo uliishika kwa nguvu. Ni jambo lilelile tulilolisema mwanzo kuhusu mzizi kunywa.

Ipo mimea inayopenda metali kweli. Kule Katanga, Kongo, kuna ua dogo linalojulikana kama ua la shaba, Haumaniastrum katangense, linalomea kwenye udongo wenye shaba ambao ungeua mimea mingi, na watafuta madini walilitumia kama alama. Alizeti haiko kundi hilo. Inavuta kiasi cha wastani, ila ina umbo kubwa.

Mtego upo hapa. Alizeti ni miongoni mwa mazao ambayo hupeleka kadimi hadi kwenye mbegu kuliko nafaka nyingi. Tukikamua mafuta, metali karibu zote hubaki kwenye mashudu, kwa sababu hukamatwa na protini na hazipendi mafuta. Mafuta yanaweza kuwa salama huku mashudu ya gunia lilelile yakiwa na kadimi, kisha yakapewa ng'ombe na kuku, nayo kadimi ikajikusanya kwenye maini na figo za mnyama. Na mtu akipanda alizeti kwenye marudio ili kusafisha, kisha akatumia mabua kupikia na majivu kuyamwaga bustanini, amehamisha tu sumu kutoka uwanjani kuileta jikoni. Mimea ya kusafishia lazima ivunwe na kuzikwa mahali maalumu, na hurudiwa miaka mingi. Mimi sijaona mkulima mdogo mwenye nafasi hiyo.

Nini kifanyike

Kwanza ni maji na mahali. Bustani ya chakula isikae chini ya mwalo wala kwenye marudio ya zamani, hata kama mwalo umefungwa miaka 20 iliyopita. Metali haiozi. Mwalo nao usikae karibu na chanzo cha maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli kama hizo ndani ya mita 60, na serikali ya kijiji ina wajibu wa kusimamia. Kuhusu zebaki, Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kwa hiyo mkiwaomba wachomaji wa jirani watumie vifaa vilivyofungwa vinavyonasa mvuke, mnadai kitu kinachojulikana, tena kinachowarudishia zebaki yao waitumie tena.

Najua tatizo la yule mama halikuwa ujinga, lilikuwa maji ya mwezi wa kumi. Kwake ningependekeza bustani za magunia karibu na nyumba. Udongo uchukuliwe upande wa juu, mbali na machimbo, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, na mawe yapangwe katikati ya gunia ili maji yashuke. Gunia hunywa maji kidogo kuliko tuta, na yale yaliyooshea mboga na mikono yanatosha sehemu kubwa ya wiki. Liwekwe upande ambao upepo haupitii kwa wachomaji kwanza.

Pale ambapo huna namna ila kulima udongo wenye mashaka, badilisha zao kabla ya kitu kingine. Mchicha, figiri, spinachi na majani mengine yawe ya mwisho. Mahindi, mtama, kunde za kuvuna punje, nyanya na maboga kwa matunda yake hubeba kidogo zaidi, ingawa majani ya maboga na ya kunde hapo yasichumwe. Karoti na viazi vimenywe. Samadi na mboji husaidia kushika metali na kuushibisha mmea. Majivu ya kuni au chokaa hupunguza asidi, na hapo kadimi na risasi hutulia. Lakini arseniki hufanya kinyume, ikaachiliwa zaidi, na mbolea ya fosfati nayo huweza kuisukuma itoke kwenye udongo. Kwa hiyo kabla ya kumwaga majivu, pimeni.

Kupima si kwa macho wala ulimi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina maabara ya udongo, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vyakula na maji. Gharama ipo, lakini kikundi cha watu 20 kinaweza kuchanga. Peleka sampuli za sehemu kadhaa za bustani, na moja ya kulinganishia kutoka mbali na machimbo. Taja kwa majina unachotaka kipimwe: kadimi, risasi, arseniki, zebaki. Peleka na mboga yenyewe, maana udongo unaeleza kilichopo na jani linaeleza kilichopanda. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kilo. Kwa mchele uliokobolewa ni 0.4 ya kadimi na 0.2 ya ile arseniki yenye sumu zaidi, inayoitwa isokaboni.

Jaribio la kikundi

Tafuteni glasi mbili za maji yenye rangi nyekundu ya chakula, iliyokolea. Chagueni miche miwili ya mchicha wenye shina jeupe, inayolingana. Mmoja ukateni shina kwa wembe. Wa pili uloweshwe udongo wake kwanza, ung'olewe polepole na mizizi yote, uoshwe bila kukwaruzwa. Kila mmoja uwekwe kwenye glasi yake, kivulini penye upepo kidogo, kisha mtazame baada ya saa mbili na tena jioni.

Uliokatwa utaonyesha mistari myekundu ikipanda shinani hadi kwenye mishipa ya majani. Wenye mizizi utaonyesha kidogo sana au hakuna, kwa sababu rangi imekutana na ukanda wa Caspary na haina mlango wake. Kama nao umepata wekundu mwingi, chunguzeni mizizi, mtakuta ilikatika wakati wa kung'oa. Hapo mwezeshaji aulize: kadimi ingekuwa kwenye glasi ya pili badala ya rangi, ingezuiwa? Waacheni wabishane kabla ya kuwakumbusha habari ya mlinzi na sare. Kisha kila mmoja achore chini kwa kijiti bustani yake, mwalo au karasha la jirani, mkondo wa maji ya mvua, na upande unakotoka upepo wa jioni.